Haikuonekana Hitilafu

Inakosa pale pale: kona ya tatu
ya mlima wa Amerat, saa nane mchana,
kiyoyozi kimefunguliwa, mama kiti cha nyuma.
Kwi. Kisha kimya. Kwi, kwi.
Usukani unatetemeka kama kikombe
mkononi mwa mtu aliyeletewa habari.
Taa ya injini inapepesa mara nne, inazimika.
"Gari lako lina kwikwi," asema mama. "Linyweshe maji."

Kule Ghala, kwa wakala, sakafu inang'aa
kuliko sahani zangu za Idi.
Mundhir wa mapokezi ananimiminia kahawa,
anachukua funguo, anarudi saa kumi na karatasi:
Haikuonekana hitilafu.
Mara ya kwanza niliamini.
Mara ya pili aliniuliza natia petroli ya wapi.
Mara ya tatu aliniuliza kama mume wangu
naye huisikia.

Mume wangu yuko Duqm, Mundhir. Hasikii hata simu.

Nikalipeleka Wadi Kabir, kwa Shaji.
Tunaongea Kiarabu, yeye cha Kerala, mimi cha Unguja.
Hakushika spana. Aliweka mikono nyuma
kama mtu aliyeingia makumbusho.
"Nikifungua skrubu moja, dhamana yako imekufa.
Imebaki kiasi gani?"
Siku kumi na moja. Au kilomita mia tisa,
chochote kitakachotangulia.
Akachomeka kidude cha kusomea; kusoma si kugusa.
Silinda ya tatu, kikasema, kosa linalosubiri.
Linasubiri nini, hakikusema.
Akachora vimiraba vinne kwenye boksi la plagi.
"Koili ya hapa waihamishie hapa.
Kosa likihama nayo, mwizi ni koili.
Likibaki, watafute kwengine, plagi, nozeli, waya.
Lakini wasitafute injini ikiwa imepoa. Ugonjwa huu
hauji hospitali. Wao ndio wamfuate nyumbani kwake."
Alikataa riale zangu mbili. Alipokea maji ya baridi.

Nikaanza daftari, nyuma ya hesabu za mwanangu.
Jumapili, joto 46, gia ya tatu, mwendo themanini. Kwi.
Jumatatu, 44, kiyoyozi kimezimwa. Kimya.
Jumanne, 47. Kwi kwi kwi. Mama: "Astaghfirullah."
Hilo nalo nililiandika.

Siku ya tisa nikaliweka mezani kwa Mundhir
na nikakataa kahawa.
Akakitazama kikombe, akautazama mlango wa meneja,
akamwita Rodel.

Rodel, kijana wa Iloilo, kompyuta mapajani,
hajasema neno toka Ghala.
Kona ya kwanza. Ya pili. Mistari ya kijani imetulia.
Nikajikuta naliomba gari liharibike,
mimi niliyelilipia miezi thelathini na tano
bila kuchelewa hata mmoja.
Kona ya tatu.
Hakuna kitu. Aibu ikanipanda hadi masikioni.
Rodel akanyoosha mkono, akafungua kiyoyozi mpaka mwisho.
Kwi.
Mstari mmoja ukaanguka kama mtu aliyekosea ngazi.
Akasema neno kwa lugha ya kwao,
na sikuhitaji mkalimani.

Koili ilichukua wiki mbili kufika kutoka Jebel Ali.
Mundhir aliandika tarehe ya malalamiko, si ya matengenezo;
nilisimama pale hadi muhuri ukakauka.
Ile ya zamani nikaomba niione.
Ufa mwembamba kama unywele,
unafunguka kwa joto, unajifunga kwa ubaridi.
Hawakunipa. Ni mali ya kiwanda, inarudi kwao.

Karatasi ya mwisho inasema: Imebadilishwa. Hakuna malipo.
Zile tatu za mwanzo hakuna aliyezifuta.

Jana tulipanda tena. Karibu na kona
mama alipunguza redio kabla yangu.
Gari likapita.
Tukaendelea kusikiliza mpaka Amerat.